Barakoa ya Binti wa Mwenye Duka

“Kama ningekuwa nimevunjika mguu, ungeniambia nipande ngazi?” Ivyne aliuliza.

“Mguu uliovunjika hauambukizi mtu,” mama yake akajibu. “Vaa barakoa.”

“Nimekuambia siwezi.”

“Umeniambia hutaki. Kutoweza na kutotaka ni vitu viwili.”

“Aki Mama, hata husikilizi.”

Phoebe alikuwa anasikiliza. Alisikiliza huku akipanga sketi za kijani, ndogo juu, kubwa chini, kwa sababu masikio hayazuii mikono kufanya kazi, na siku hiyo kazi ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Watoto walikuwa wamekaa nyumbani karibu mwaka mzima, wakila, wakilala na kurefuka. Sasa Desemba inaisha, imetangazwa kwamba Januari wanarudi darasani, na wazazi wa Nairobi nzima walikuwa wamegundua kwa pamoja kwamba suruali ya mtoto inaishia chini kidogo ya goti na sweta haipiti mabegani. Duka la sare la Phoebe pale Ngara lilikuwa halijafunguliwa vizuri, na tayari watu walikuwa wamesimama kwenye veranda wakisubiri.

Lilikuwa duka refu na jembamba, chini ya ghorofa ya zamani. Mlango mmoja, dirisha hakuna. Mbele palikuwa na meza ya kupimia, katikati rafu za sare hadi darini, na nyuma kabisa, chini ya taa, cherehani ya Peres. Upepo ukiingia mlangoni ulikwenda moja kwa moja hadi kwa Peres na kuishia hapo, kwa kuwa haukuwa na pengine pa kwenda.

Peres alikuwa fundi wa Phoebe tangu duka lilipokuwa meza tu ya kando ya barabara. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Mwezi Agosti alikuwa amemzika kaka yake Odero huko Gem, alfajiri, bila matanga, wachimba kaburi wamevaa kama watu wa kupulizia dawa, na hakuna aliyeruhusiwa kumtazama uso. Aliporudi kazini alisema jambo moja tu.

“Mama Ivyne, nitakushonea mpaka macho yaishe. Lakini mtu akiingia humu mdomo wazi, mimi natoka.”

Phoebe akakubali, na Phoebe akikubali jambo hulifanya. Aliwatimua watu wa kila namna: mwalimu mkuu mstaafu, kijana wa bodaboda, mama mmoja wanayeimba naye kwaya. Wengine walidai wana pumu, na mwenye pumu mwenyewe yuko pale nyuma anawatazama. Wengine walidai wana wasiwasi. Hilo neno lilikuwa limezunguka kwenye WhatsApp, kwamba ukimwambia mlinzi wa dukani unashikwa na wasiwasi ukifunikwa mdomo, hana ruhusa ya kukuzuia. Kila aliyelileta hilo neno pale mlangoni, Phoebe alimjibu vilevile: “Wasiwasi tunao sote. Toka.”

Na leo neno lilelile lilikuwa linatoka kinywani mwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

“Ulikuwa umevaa ulipoingia,” Phoebe alisema. “Nimekuona kwa macho yangu.”

“Nilivumilia. Halafu nikashindwa.”

“Watu wanavaa kutwa nzima. Madaktari wanavaa. Mtoto wa darasa la kwanza anavaa.”

“Mimi si mtoto wa darasa la kwanza!”

“Hilo nimeanza kulitilia shaka.”

Ivyne alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na mlango, barakoa ya kitenge mkononi, anaikunja na kuikunjua. Alikuwa msichana mrefu, shingo ya baba yake, na mwaka huo alikuwa amekonda hadi mifupa ya mabega ilisimama kama hanga ndani ya blauzi. Alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya kupanga safari za watalii, Kilimani. Watalii walipokosa kuja, ofisi ilifungwa, naye akabaki kwenye chumba chake cha kupanga hukohuko. Kwenye simu kila siku alisema yuko sawa. Siku ya Krismasi hakuja Uthiru kula na mama yake. Jumapili iliyofuata Phoebe alivaa viatu akaenda mwenyewe, akakuta mapazia yamefungwa mchana, mifuko ya chakula cha kuletewa na pikipiki imerundikana nyuma ya mlango, na binti yake ndani ya shuka anasema yuko sawa.

Phoebe hakumwuliza mengi. Alifungua mapazia, akatupa mifuko, akamwambia, “Kesho uko Ngara. Msimu wa sare umeanza na nahitaji mtu wa kupima.” Ndivyo alivyowapenda watu: kwa kuwapa kazi. Na Ivyne alikuja kweli. Huo ulikuwa mlango wa kwanza wa duka alioupita tangu Aprili, ingawa mama yake alikuwa hajajua hilo. Alichojua Phoebe ni kwamba mtoto akirudi tena kwenye kile chumba leo, mapazia yatafungwa, na safari hii huenda mlango usifunguliwe.

Nyuma ya duka, cherehani ilikuwa imenyamaza. Phoebe aliujua huo ukimya. Haukuwa wa uzi kukatika.

“Peres,” aliita bila kugeuka, “nipe dakika.”

“Nimeshakupa,” Peres akajibu.

“Anti, samahani,” Ivyne alisema. “Si kwamba nakudharau.”

“Najua, nyathina, mtoto wangu. Wewe mwenyewe sikukatai. Naikataa hewa yako tu.” Peres alisema hayo taratibu, kitambaa cha bluu kimekaza juu ya pua, macho mawili juu yake yakitazama bila hasira. “Ile ngao ya plastiki ya kufunika uso je, umeijaribu?”

“Inajaa mvuke. Nikiivaa naona kama niko ndani ya chupa.”

“Basi vuta barakoa chini ya pua kidogo,” Phoebe alisema.

“Hapana,” Peres akasema. “Chini ya pua ni kama hajavaa.”

Hapo ndipo Waceke alipoingia.

Waceke alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwili na wa maneno, mwenye ploti ya nyumba za kupanga kule Uthiru. Phoebe alikuwa mpangaji wake miaka mingi, na Ivyne alikulia kwenye ua wake, akicheza kati ya kamba za nguo. Kwa jina la heshima walimwita Mama Thuo. Jumamosi alikuwa amekuja na mjukuu wake Debra kununua sare, barakoa ameisahau mezani nyumbani, na Phoebe alikuwa amemsimamisha mlangoni mbele za watu na kumrudisha Uthiru. Ploti au si ploti.

Leo alikuwa amerudi, amevaa barakoa mpya ya maua, amemshika Debra mkono. Alifungua mdomo aanze salamu. Kisha akamwona Ivyne.

Alimtazama kuanzia kidevuni hadi puani. Akamtazama Phoebe. Akarudi tena kwa Ivyne.

“Ivyne, sasa?”

“Poa, Mama Thuo. Shikamoo,” Ivyne alisema, na mkono wake ukapanda haraka kuziba mdomo.

“Usijisumbue, mama, nimeshauona. Ni mdomo mzuri.” Waceke akamgeukia Phoebe. “Kwa hivyo sheria ina ukoo.”

“Mama Thuo, tunaongea hilo jambo sasa hivi.”

“Mnaongea! Juzi hukuongea na mimi. Mimi ulinionyesha barabara. Nikarudi Uthiru na jua lile, na huyu mtoto analia, nikajiambia, Waceke nyamaza, ni sheria, na huyu mama ana fundi mgonjwa. Kumbe ni mkuki kwa nguruwe tu.”

“Huyu ana tatizo,” Phoebe alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe alijua amekwisha.

“Tatizo gani?”

Ivyne ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

“Nashikwa na wasiwasi.”

“Ooo!” Waceke alisema. “Wasiwasi! Basi na mimi ninao. Tena wa kurithi.” Akaivua barakoa ya maua, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja leso ya kanisani, akaitia kwenye mkoba na kuufunga zipu.

Kwenye veranda mtu alicheka. Mwanamume mmoja aliyeshika kifurushi cha soksi alishusha barakoa yake hadi kidevuni na kusema, “Hata mimi ninao, ni vile daktari hajanipima tu.” Mwingine nyuma yake akafanya hivyohivyo. Ilikuwa kama ua wa miti: ng’ombe mmoja akipata upenyo, kundi zima lina njia.

Phoebe alisikia kiti kikisukumwa. Peres alikuwa amesimama. Alichukua mkasi wake mkubwa, ule wa chuma alioununua kwa pesa yake mwenyewe na ambao hamwazimi mtu, akaufunga kwenye kitambaa na kuutia mkobani. Hakugombana na mtu. Alichukua na miwani.

“Peres, kaa.”

“Naenda kukaa nje kwenye hewa, Mama Ivyne. Mkimaliza mtaniita. Msipomaliza, nitapanda gari niende nyumbani.”

Ivyne aliona mkasi ukiingia mkobani, akaelewa maana yake. Akasimama. Akafunga kamba za barakoa nyuma ya masikio, moja, ya pili, akaibana juu ya pua.

“Basi,” alisema. “Nimevaa. Anti, kaa. Mama Thuo, na wewe tafadhali vaa. Njoo, Debra, nikupime.”

Waceke alisita. Alikuwa mkali, hakuwa mbaya. Alifungua zipu akaivaa tena, akinong’ona kwamba wengine wanachezea watu wazima. Wale wa veranda nao wakapandisha zao. Peres aliketi, lakini mkoba ulibaki mapajani.

“Umeona?” Phoebe alimwambia binti yake. Alitaka kulisema kwa upole, likatoka kwa ushindi. “Umevaa, na hujafa.”

Ivyne alikuwa ameinama na futi ya kupimia mabegani mwa Debra.

“Kumi na nne,” alisema.

“Andika kumi na sita,” Waceke akasema. “Mimi nanunua ya kukulia. Huyu hata usiku namsikia akirefuka.”

“Kumi na sita. Kiuno ishirini na… Simama wima, Debra. Ishirini na nne.”

“Ishirini na sita. Mama yake atatia mkanda.”

“Urefu wa sketi…”

Phoebe alikuwa ameanza kutoa sweta kwenye rafu. Alimsikia binti yake akitaja urefu wa sketi, kisha akautaja tena, tofauti, kisha akauliza tena kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Aligeuka. Futi ilikuwa inatetemeka. Si kidogo; ncha yake ya chini ilikuwa inapigapiga sakafu. Kitenge mdomoni mwa Ivyne kilikuwa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, haraka kama kifua cha kuku aliyefukuzwa, na juu ya kitenge uso ulikuwa umelowa, umepoteza rangi, macho yanautafuta mlango na hayauoni ingawa ulikuwa mbele yake.

“Ivyne?”

“Niko sawa,” Ivyne alisema. Kisha miguu ikakunjika, akakaa chini katikati ya duka, mkono umeshika sketi ya mtoto wa watu.

Debra akapiga kelele. Phoebe hakukumbuka baadaye alivyofika. Alimwinua binti yake kwa makwapa, kama alivyokuwa akimtoa kwenye beseni zamani, akampitisha kati ya watu, “Pisheni, pisheni,” hadi nje kwenye veranda, akamkalisha juu ya robota la sweta ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Akaing’oa barakoa mwenyewe kwa mkono wake. Ivyne alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa mtoni.

Phoebe alimshika kifundo cha mkono. Ndani yake mshipa ulikuwa unakimbia. Alikuwa amewashika watu wengi mkono maishani: wazazi wake walipokuwa wanaondoka, majirani wenye homa, mtoto huyuhuyu na malaria. Mkono unaweza kuigiza kutetemeka, uso unaweza kuigiza kulia. Mshipa hauigizi. Huu ulikuwa unakimbia na hapakuwa na mtu aliyeufukuza.

Magari yaliendelea kupanda kutoka mjini, na ng’ambo ya barabara mtu alikuwa anatangaza bei ya viatu kwa kipaza sauti.

“Ilianza lini?” aliuliza mwishowe.

“Aprili.” Ivyne aliongea vipande vipande. “Supamaketi. Kule Kilimani. Foleni ndefu, watu wote kimya, wote wamefunikwa, naona macho tu. Nikahisi hewa imeisha. Nikaacha kikapu chini, nikakimbia. Mlinzi akadhani nimeiba. Akanishika mkono, akanipekua mkoba pale mlangoni, watu wanatazama. Na mimi siwezi hata kusema kwa sababu siwezi kupumua.”

“Na tangu hapo?”

“Tangu hapo siingii duka lolote. Ninaagiza. Pesa ya kuagiza ikiisha, ninangoja.”

“Unangoja nini?”

“Ninangoja tu, Mama.”

Phoebe aliuachia mkono, akaushika tena. “Kwa nini hukuniambia?”

“Ungesema wasiwasi tunao sote.”

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na Phoebe hakuwa mtu wa kubishana na ukweli. Aliitikia kwa kichwa.

Waceke alikuwa amesimama mlangoni, barakoa ya maua imekaa vizuri, mkono juu ya kichwa cha Debra. Makali yote yalikuwa yamemtoka.

“Mama Ivyne,” alisema, “mimi nilikuwa natania kidogo.”

“Hukuwa unatania. Na ulikuwa na haki.”

“Basi mpe huyu mtoto maji. Na umruhusu akae ndani bila hiyo kitu. Mimi sitasema neno. Nani atasema? Tumeona wote.”

Watu wa veranda waliitikia. Ndiyo, huyu aachwe, huyu ni mgonjwa kweli, si kama wale waongo. Lilikuwa shauri jema na limetoka kwa watu wema, na kwa kitambo kidogo Phoebe alitamani kulichukua. Alitazama ndani ya duka. Peres alikuwa amesogea hadi katikati, karibu na rafu, si zaidi ya hapo.

“Peres, umeona?” Phoebe aliuliza.

“Nimeona. Namwamini kabisa.” Peres alinyamaza kidogo kupata pumzi, kukurupuka kule kulikuwa kumemkaza kifua, na filimbi ndogo ilikuwa inasikika kila akivuta hewa. “Namwamini, na bado sitaki apumue humu. Nisamehe, nyathina. Kifua changu hakijui nani ni mwongo na nani ni mkweli.”

“Usiombe msamaha, Anti,” Ivyne alisema. Akaanza kuinuka kutoka kwenye robota, akijifuta uso kwa kiganja. “Anti ana haki. Ngoja nichukue mkoba wangu. Nitarudi nyumbani, Mama. Nitajaribu siku nyingine, nikiwa sawa.”

“Nyumbani wapi?”

“Kilimani.”

“Kaa chini.”

“Mama, sina cha kufanya hapa. Ndani siwezi kukaa, na watu wanasubiri.”

“Nimesema kaa.”

Phoebe alisimama pale kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na akafikiri kama alivyozoea kufikiri, yaani upesi na bila kujihurumia. Miezi yote hii alikuwa amesimama mlangoni akiwapima watu kwa maneno yao: huyu anadanganya, huyu hadanganyi, huyu mtu mzima ovyo. Na alikuwa amekosea kwa mtu aliyemjua kuliko wote. Kama hakuweza kutofautisha uongo na ukweli kwa mtoto wa tumbo lake, angeutofautishaje kwa mpita njia? Na hata angeweza, ingemsaidia nini Peres? Pumzi ya mwenye kiburi na pumzi ya mwenye hofu zote zilikuwa zinaishia palepale nyuma chini ya taa. Hofu ya Ivyne ilikuwa sababu ya kutosha ya kutovaa kile kitambaa. Haikuwa sababu ya kuingia. Yalikuwa mambo mawili, naye alikuwa ameyafunga kamba moja na kuyavuta huku na huku tangu asubuhi.

Lililobaki lilikuwa swali la kawaida la duka: kitu hiki kikae wapi.

Alitazama meza ya kupimia. Alitazama veranda. Ilikuwa pana, ina kivuli hadi alasiri, na upepo wa kutoka upande wa mto uliipita muda wote. Wenye maduka ya jirani walikuwa wanaijaza vitu vyao kila siku na askari wa jiji wakija wanavirudisha ndani.

“Mama Thuo,” alisema, “shika huko.”

“Wapi?”

“Mwisho wa meza. Wewe una nguvu.”

“Unaihamisha?”

“Inatoka nje. Kupima kunafanywa nje kuanzia sasa. Asiye na barakoa asimame hapa nje ahudumiwe hapa, na sitamwuliza sababu yake. Mwenye barakoa akitaka kuingia kuchagua, aingie. Ivyne atapima hapa kwenye upepo. Mtoto anampa mgongo, mabega hupimwa kwa nyuma hata hivyo, na mzazi asimame pale kwenye nguzo. Anataja kipimo, mimi nakipeleka ndani.”

“Na polisi?” aliuliza yule mwanamume wa soksi, barakoa yake imeshuka tena kidevuni. “Hata nje wanakamata watu.”

“Wakija wataongea na mimi. Wewe pandisha yako.”

Akaipandisha.

“Na mvua?” Waceke alisema, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza hadi mwisho.

“Mvua ikinyesha tutalowa. Shika meza.”

“Peres?” Phoebe aliita ndani. “Unasemaje?”

Peres alifikiri. Hakuwa mtu wa kuharakishwa, na Phoebe hakumharakisha.

“Mlango ubaki wazi wote,” Peres alisema. “Na pazia lile la nguo zilizotundikwa mlangoni liondoke, linazuia hewa kutoka.”

“Linaondoka.”

“Basi nje ni nje.” Akauweka mkoba chini ya cherehani.

Ivyne alikuwa bado amekaa juu ya robota, anawatazama kama mtu anayeona nyumba inahamishwa akiwa ndani.

“Mama, si lazima ufanye haya yote kwa ajili yangu.”

“Si kwa ajili yako peke yako. Nina watu mia wa kupima na mlango mmoja. Ila jambo moja nikuambie na usinijibu: leo jioni tunapanda gari pamoja, unalala Uthiru. Na wiki hii tunakwenda kumwona daktari wa mambo haya, mimi na wewe. Akitaka kukuona nje chini ya mti, tutamwona chini ya mti.”

“Mama…”

“Nimesema usinijibu.”

Waceke aliweka mkoba wake begani, akainama, akashika. Meza ilikuwa ya mvule, nzito kama dhambi, na ilikuwa haijasogezwa tangu iletwe. Iligoma kwenye kizingiti. Phoebe akasukuma kwa paja. Waceke akavuta, akiita jina la Yesu na la marehemu mumewe kwa zamu, na meza ikatoka nusu, ikakwama, ikatoka yote, na kutua kwenye saruji ya veranda kwa kishindo. Phoebe akarudi ndani, akazishusha nguo zote zilizotundikwa mlangoni kwa mkumbo mmoja na kuzitupa juu ya rafu.

“Sasa na mimi,” Waceke alisema akihema, “niliyekuwa na wasiwasi wa kurithi, nasimama wapi?”

“Popote upendapo. Ila sweta ziko ndani, na siruhusu mtu kuzitoa kuzishikashika huku nje.”

Waceke aliutazama mlango. Hakuwahi kununua nguo bila kuivuta mshono na kuinusa. Alibana barakoa ya maua juu ya pua vizuri zaidi. “Nimepona,” alisema, akaingia ndani.

Watu walicheka, na Ivyne akacheka nao, kicheko chembamba kilichokatikia njiani, lakini kilikuwa kicheko. Alisimama. Akashika ukingo wa meza kwanza, akajaribu miguu, kisha akauachia. Phoebe alimpa futi bila kumtazama sana, maana kuna nyakati mtu hataki kutazamwa.

“Debra,” Ivyne aliita, “rudi hapa. Nipe mgongo. Usiogope, sianguki tena.”

“Ukianguka?” Debra aliuliza.

“Nikianguka, nitaangukia sweta.”

Mtoto akageuka, akanyoosha mabega. Ivyne akaweka ncha ya futi kwenye bega la kushoto, akaivuta hadi la kulia, akasoma.

“Kumi na nne,” aliita.

“Kumi na sita!” Waceke akapaza sauti kutoka ndani.

“Kumi na sita,” Phoebe akarudia, na akaingia kuitafuta.